Dalia Haipendi Kusimama Peke Yake: Namna ya Kuichagulia Wenzake, Bustanini na Chomboni

Mwaka wa kwanza nilipopanda dalia hapa Lushoto, nilijaza tuta zima viazi vyake 14, yaani ile mizizi minene inayochipua, mstari kwa mstari, bila mmea mwingine hata mmoja. Zikachanua vizuri sana. Mama jirani akapita, akasimama kwenye uzio, akaangalia weee, mwisho akasema: "Mwanangu, maua mazuri. Lakini mbona yamejipanga kama askari wa gwaride?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alichokisema ndicho nilichokuwa nakiona bila kukitambua. Dalia ina kichwa kikubwa na shina gumu. Majani yake ni ya kawaida tu, na upepo ukivuma haichezi, inayumba kama mlevi kisha inavunjika. Tena haina harufu ya maana. Hili la harufu huwa linanichekesha, maana ukimtajia mtu wa pwani "dalia" anakumbuka ule unga wa manjano wenye manukato wa kujipaka wanawake. Ua letu halina undugu na unga ule. Jina lake linatokana na Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden, nalo lilitolewa Madrid mwaka 1791 na Antonio José Cavanilles. Basi dalia ya pwani inanukia, ya bustanini hainukii.

Tangu siku ile nimeacha kujiuliza ni ua gani "linapendeza" na dalia. Karibu kila ua linapendeza ukilitazama peke yake. Siku hizi nauliza dalia inakosa nini, halafu natafuta mmea wenye kitu hicho. Inakosa vitu vinne: wepesi, mstari wa kwenda juu, rangi ya bluu na harufu. Kuhusu bluu, dalia zipo za kila rangi unayoijua, nyeupe, njano, machungwa, waridi, damu ya mzee, zambarau hadi karibu na weusi, ila bluu yenyewe hakuna.

Hatua ya 1: Ijue dalia uliyonayo

Huku kwetu viazi vya dalia huzunguka kwa majirani bila jina. Unapewa kwenye mfuko, unaambiwa "ni ile nyekundu", ikichanua ni ya waridi. Kwa hiyo kama hujaiona ikichanua, usinunue mbegu ya kitu chochote cha kuiambatanisha nayo. Ipande, subiri ua la kwanza, kisha andika mambo matatu: urefu, rangi na ukubwa wa kichwa.

Urefu ndio wenye kazi zaidi. Kuna dalia za chini ya sentimita 60 zinazofaa pembezoni mwa njia, na kuna zinazofika mita moja na nusu. Ukiiweka fupi nyuma ya ua refu kama kosmosi hutaiona tena. Angalia pia majani, kwa kuwa baadhi ya aina, kama ile nyekundu maarufu iitwayo Bishop of Llandaff, zina majani meusi-meusi ya shaba. Hizo hazihitaji msaada mkubwa wa majani, lakini zinahitaji kitu cheupe au cha kijani hafifu karibu yake, la sivyo kwa mbali zinamezwa na udongo.

Kwa msomaji wa Tanga mjini, Dar es Salaam au Mombasa, nitasema ukweli: usijisumbue. Dalia inataka usiku wa baridi. Asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, na ndiyo maana inakubali Lushoto, Njombe, Mbeya, miteremko ya Kilimanjaro, Limuru. Pwani panda zinia, halafu uruke hadi hatua ya 6, maana mambo ya chomboni ni yaleyale.

Hatua ya 2: Ipe dalia nafasi yake kwanza, wenzake baadaye

Dalia ni mlafi. Inataka jua la saa sita kwa siku au zaidi, udongo uliochimbuliwa vizuri na samadi iliyooza hasa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri cha majani na maua ya kuhesabu kwa vidole. Huku kwenye mvua za masika adui mkubwa ni maji yanayotuama, kwa hiyo inua tuta. Kiazi kikilala kwenye tope kinaoza kabla hujajua kama kimeota.

Chimba shimo la sentimita 10 hadi 15, laza kiazi jicho likiangalia juu (jicho liko shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, kiazi kisicho na jicho hakioti, hata kiwe kinono vipi), na papo hapo simika mti wa kukiegemeza. Usingoje mmea ukue ndipo usimike, utakitoboa kiazi. Achia sentimita 60 kati ya dalia na dalia kwa zile ndefu. Kama udongo una unyevu wowote, usimwagilie mpaka uone chipukizi.

Sasa wale wenzake: usikaribishe mmea wowote ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye shina. Kuna sababu ya hewa, kwa sababu dalia zilizobanana hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani. Lakini sababu inayosahaulika ni jembe. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utalifukua fundo la viazi uligawe, na kilichopandwa juu yake kitang'oka nacho. Ndiyo maana karibu kabisa na dalia naweka mimea ya msimu mmoja, na ile ya kudumu naisogeza mbali.

Dalia ikifikisha jozi ya tatu au ya nne ya majani, kata ncha ya katikati. Inauma, najua. Ukikata, itatoa matawi na mashina marefu ya kukata kwa ajili ya chombo. Usipokata, utapata ua moja kubwa juu ya mlingoti.

Hatua ya 3: Anza na ndugu zake wa nyumbani

Hapa ndipo penye raha. Kosmosi, zinia na marigoldi, maua ambayo tumeyazoea hata kwenye nyua za shule, asili yake ni Mexico kama dalia. Mexico yenyewe iliitangaza dalia kuwa ua la taifa mwaka 1963. Mimea iliyolelewa na mvua na jua la aina moja huwa haigombani kwenye tuta, kwani mmoja akitaka maji, na mwenzake anayataka.

Kosmosi ndiyo chaguo langu la kwanza, na kama ningeruhusiwa mmoja tu ningeishia hapo. Majani yake ni membamba kama nyuzi, ua lina petali chache na linacheza na upepo mdogo kabisa. Yaani ni dalia iliyogeuzwa. Panda nyeupe katikati ya dalia za rangi nzito, na ya zambarau iliyoiva kando ya dalia nyeupe au za njano hafifu. Usiitie mbolea hata kidogo. Kosmosi iliyoshiba hurefuka na kulala.

Zinia nina mashaka nayo bustanini. Ni ua zuri na halina matata, ila nalo lina kichwa cha duara na shingo ngumu, kwa hiyo ukilichanganya na dalia umeongeza askari kwenye gwaride. Halafu ubwiri unga unaipenda zinia kama unavyoipenda dalia. Naipanda, lakini kwenye tuta lake, kwa ajili ya chomboni, na nachagua zenye vichwa vidogo vidogo.

Kuhusu marigoldi watu husema ukiipanda pembeni ya mmea wowote inafukuza wadudu wote. Si kweli kiasi hicho. Mizizi yake hutoa sumu inayoiua minyoo fundo ardhini, ile inayoifanya mizizi ya mimea iwe na vifundo, lakini ili ifanye kazi inabidi ulijaze tuta zima kwa msimu mmoja kabla ya dalia. Miche mitatu ya mapambo kwenye kona haitishi mnyoo. Kama tuta lako lilikuwa na mboga zenye mizizi ya vifundo-vifundo, lipumzishe kwa marigoldi iliyosongamana kisha ndipo ulete viazi. Kama tuta halina minyoo hiyo, panda marigoldi kwa uzuri wake tu: fupi, mbele, kando ya dalia za machungwa na damu ya mzee.

Ndugu wa nne ni alizeti mwitu, ile inayojaa kwenye kingo za barabara na mipaka ya mashamba huku milimani. Nayo ilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Usiilete tutani, inapita mita mbili na itaziba jua. Iache kwenye uzio, ukate majani yake mabichi, uyazike kwenye shimo wiki tatu kabla ya kupanda. Ni mbolea nzuri ya bure, ilimradi usiipe dalia majani haya kila wiki.

Hatua ya 4: Jaza kile kinachokosekana

Kwa wepesi, baada ya kosmosi, nachukua mmea ambao wengi wanaujua jikoni tu: giligilani. Usiuvune wote. Acha upande mmoja uende maua, utapata miavuli myeupe myembamba inayokaa kati ya vichwa vya dalia kama moshi. Faida yake nyingine huioni mara moja. Maua yake hupendwa na wale nzi wenye mistari kama nyuki, na watoto wao hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Vidukari ndio wanaohamisha ugonjwa wa virusi kutoka dalia hadi dalia, ule unaokunja majani na kuyapaka mabaka ya njano. Shamari hufanya kazi ileile kwa rangi ya njano-kijani, lakini ni mrefu na hujimwaga mbegu, kwa hiyo uweke nyuma na uyakate maua kabla hayajakomaa.

Kwa mstari wa kwenda juu na kwa bluu, salvia. Bustani nyingi za milimani zina ile ya zambarau yenye maua laini kama mahameli; hiyo pia ni ya Mexico. Ni ya kudumu na inatanuka, kwa hiyo achia karibu mita moja kutoka kwenye dalia. Agapantha ina bluu nzuri kuliko zote ninazozijua, lakini haipendi mizizi yake isumbuliwe. Ipange kwenye ukingo wa tuta ambako jembe halifiki. Vabena ile ndefu yenye vishada vidogo vya zambarau juu ya vijiti vitupu, ukiipata usiiache. Unaiona dalia kupitia katikati yake, kama mtu anayechungulia kwenye pazia la shanga.

Na mchicha. Naam, ule wa nafaka, wenye masuke mekundu yanayoning'inia. Nyuma ya dalia nyekundu iliyokolea unafanya kazi ambayo ua la dukani haliwezi, na majani machanga unayala. Selosia ni ya ukoo huohuo wa mchicha; aina yenye manyoya inatoa mstari wa kwenda juu kwa dalia fupi.

Panda wenzake kwa makundi ya mitatu au mitano, si mmoja mmoja kila mahali. Tuta likiwa na mmoja wa kila aina linafanana na kapu la sokoni.

Hatua ya 5: Majirani wa kuwakataa

Lushoto ni nchi ya mboga, kwa hiyo kosa hili tunalifanya kuliko wengine: tunapanda dalia kwenye kona ya shamba la nyanya na hoho. Kuna virusi vya mnyauko wa nyanya vinavyosambazwa na thiripsi, wadudu wadogo sana wa majani na maua, na vinashika nyanya, hoho, saladi na dalia pia. Mmoja akiugua, wote wamo hatarini. Weka umbali wote unaoweza, na usitumie kisu kimoja kwa vyote bila kukisafisha. Dalia iliyodumaa, yenye majani ya mabaka, usiionee huruma wala usigawe kiazi chake kwa jirani. Ing'oe, ichome.

Nanaa hapana, isipokuwa kwenye kopo. Maboga hapana. Mkaratusi ndio kabisa, hunywa maji ya bustani nzima. Tutaukaribisha chomboni tu. Gladiola nina mashaka nayo. Ina mstari mzuri wa kwenda juu lakini ni nyumba ya thiripsi, kwa hiyo tuta lake liwe upande wa pili wa nyumba.

Na mbele ya dalia changa usiweke mmea wowote wenye majani mapana yanayolala chini, kwa kuwa mchana konokono watajificha humo na usiku watamaliza chipukizi. Nimewahi kupoteza machipukizi sita kwa usiku mmoja. Tochi na kopo lenye maji ya chumvi, saa tatu usiku, ndiyo dawa yangu.

Pangilia tarehe

Hii siiiti hatua, ni hesabu ndogo tu, lakini wengi hujikuta dalia imechanua wakati kosmosi imeshakauka. Dalia ya kiazi huchukua takriban wiki 10 hadi 12 hadi ua la kwanza. Kosmosi na zinia za mbegu ni kama wiki 8 hadi 10. Giligilani ni ya haraka zaidi. Kwa hiyo mimi hupanda viazi mvua za masika zinapoisha, mwishoni mwa Mei, baada ya wiki mbili natia kosmosi, na giligilani naitia wiki ya nne, kisha tena kila baada ya wiki tatu. Kundi la pili la viazi huingia Septemba, kabla ya vuli.

Hatua ya 6: Kata kama muuzaji, siyo kama mgeni

Dalia si waridi. Ukiikata ikiwa tumba, itabaki tumba mpaka ife. Ikate ikiwa imefunguka robo tatu au zaidi, na uigeuze uangalie mgongo: petali za nyuma ziwe ngumu na safi. Zikiwa zimelegea au zimeanza kubadilika rangi, iache kwenye mmea. Kata alfajiri, na ndoo ya maji uwe nayo tutani, siyo jikoni. Toa majani yote yatakayozama. Kisha weka ndoo mahali pa giza na baridi kwa saa chache kabla ya kupanga.

Hata ukifanya yote haya, tarajia siku nne hadi sita. Zile ndogo za mviringo kama mpira hudumu kuliko zile pana kama sahani, ambazo hupendeza sana siku ya kwanza na kukuaibisha ya tatu. Kama unapamba kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, sahani zikatwe Ijumaa alfajiri, si Alhamisi.

Wenzake nao wana masharti. Kosmosi ikatwe inapoanza tu kufunguka. Zinia itikise shina: likipinda kama mpira bado, likisimama imara kata. Salvia ikatwe maua ya chini yakiwa wazi.

Hatua ya 7: Panga chombo

Chukua bakuli au jagi lenye mdomo mpana, kunja kipande cha wavu wa banda la kuku, ukikaze ndani. Wavu huo ndio utakaoshika mashina.

Anza na majani, si maua. Matawi ya mkaratusi machanga yenye rangi ya fedha yanakubali dalia za waridi na nyeupe. Kwa nyekundu na machungwa natumia majani ya mlimao au mchicha mwekundu. Kisha ingiza dalia, tano zinatosha, na usiziweke zote urefu mmoja. Moja iwe chini kabisa, karibu inalalia mdomo wa bakuli, moja igeuze mgongo. Mgongo wa dalia ni mzuri na hakuna anayeuonyesha. Halafu ingiza salvia au selosia zivuke juu ya dalia, na mwisho kosmosi na giligilani, ndefu kuliko vyote, zikitoka nje ya umbo kama nywele ambazo hazikuchanwa. Ukiona chombo kimekuwa duara kamili, vuta tatu juu.

Halafu harufu, ile ambayo dalia haina. Watu wa pwani wanajua tangu zamani kuwa ua huenda na jani linalonukia. Mrehani haukosi kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha wanawake, pamoja na asumini. Fanya vivyo hivyo: vitawi vitatu vinne vya mrehani wenye maua ya zambarau, viwe kwenye ukingo ambako mkono unapita. Rozimeri pia inafaa na inadumu zaidi. Mchaichai unanukia ukiukunja tu, kwa hiyo fungia jani moja shingoni mwa jagi.

Usitie chomboni minyaa wala ua la Krismasi, kwa kuwa utomvu wao mweupe unachafua maji na ukiingia jichoni ni balaa. Wala usiweke chombo karibu na chane la ndizi mbivu. Ndizi inayoiva hutoa gesi inayozeesha maua.

Badilisha maji kila siku, yote, na kila mara ukate nusu sentimita chini ya mashina. Tone moja au mawili ya jiki kwenye jagi huzuia utelezi, zaidi ya hapo unachoma mashina.

Siku ya nne au ya tano petali za dalia zitaanza kudondoka kutokea nyuma. Zitoe dalia peke yake, uache vilivyobaki; chombo cha kosmosi, mchicha na majani bado kina siku chache. Na kabla hujamwaga maji ya mwisho angalia chini ya vitawi vya mrehani. Mara nyingi huwa vimeshatoa mizizi meupe kama nyuzi. Vipeleke tutani, sentimita 30 kutoka kwenye shina la dalia.